Jua Ugonjwa Kwanza, Ndipo Uchume Jani

Somo juu ya maradhi ya ngozi na dawa zake

Mwezi huu twataka kujifunza habari ya jambo liingialo katika kila nyumba, nalo ni maradhi ya ngozi. Mtu aweza kuficha maumivu ya tumbo hata mwaka mzima, wala jirani asijue. Lakini choa cha usoni hakifichiki, wala upele wa mikononi, wala jipu la shingoni. Mtoto huchekwa shuleni, msichana huona haya kwenda kisimani, na mzee hukaa mbali na wenzake asije akaguswa. Kwa hiyo mwenye ugonjwa wa ngozi hutafuta dawa upesi, naye huanza kuitafuta karibu: uani kwake, kwa bibi yake, kwa mganga wa kijiji, dukani. Mara nyingi hospitali huwa ya mwisho.

Hatukusudii kuwalaumu watu wa namna hiyo, maana sisi sote twafanya vivyo hivyo. Wala hatukusudii kuzisifu dawa zote za miti kwa sababu tu ni za wazee wetu, wala kuzikataa zote kwa sababu hazikutoka katika chupa. Twataka kujifunza jambo moja, yaani namna ya kupambanua. Waalimu watakaolisoma somo hili pamoja na watu wao watakuta maswali mwishoni.

I. Mama wa Jadida

Tutwae mfano, na mfano wetu tuuweke Pemba, kwa kuwa kisiwa hicho chajulikana pwani nzima kwa waganga wake na kwa wingi wa dawa zake. Jadida ni shehia mojawapo ya Wete, upande wa kaskazini wa kisiwa. Jina lake latoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya upya. Watu wa huko ni watu wa karafuu. Apandaye mkarafuu huumwa na majimoto, hukwaruzwa na matawi, hutoka jasho mchana kutwa. Basi ngozi yake haikosi neno.

Tuseme yuko mama mmoja hapo Jadida, naye ana mtoto wa miaka saba. Siku moja akimwogesha aona baka mkononi, juu ya kiwiko, jeupe kidogo kuliko ngozi nyingine. Halitoki unga, wala haliwashi. Bibi wa mtoto alitazama, asema, "Choa hicho, mwanangu. Sugua ndimu, kisha umpake majani ya mwarobaini yaliyotwangwa." Mama afanya hivyo muda wa wiki mbili, na baka halitoki. Jirani asema, "Hiyo ni mba, shoga yangu," naye aleta mafuta ya karafuu. Ngozi yababuka, kisha yapona, lakini baka lipo pale pale. Mtu wa tatu ampa kikopo cha marhamu isiyo na jina, iliyonunuliwa sokoni. Baka laonekana kufifia, kisha larudi. Miezi sita imekwisha kupita.

Katika watu hao hakuna hata mmoja aliyefanya neno baya. Wote walimpenda mtoto, na wote walitoa walicho nacho. Kosa lao ni moja: walijibu swali la pili kabla ya kuuliza la kwanza. Swali la pili ni, "Dawa yake ni nini?" La kwanza ni, "Ugonjwa huu ni upi?"

Waalimu wakumbuke sura ya 13 ya Mambo ya Walawi. Kuhani aliyeletewa mtu mwenye alama katika ngozi hakuamriwa kumpa dawa, bali kumtazama: rangi ya alama, na nywele zake, na kama imeingia ndani kuliko ngozi. Akiona shaka, alimweka siku saba, kisha akamtazama tena. Wataalamu wa Maandiko watuambia kwamba neno la Kiebrania lililofasiriwa kuwa ukoma lilikusanya maradhi mengi ya ngozi, hata madoa ya nguo na ya kuta za nyumba, wala si ukoma tuujuao leo peke yake. Hata hivyo utaratibu ule ni mwema: tazama, ngoja siku zilizohesabiwa, tazama tena.

Basi mama yetu tumwache kidogo. Tutarudi kwake.

II. Dawa za uani na kazi zake

Dawa za nyumbani si upuzi. Isaya alipoagiza tini ziwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia, hakuona haya kwamba dawa ile ilitoka mtini. Na katika siku zetu mabingwa wamezipima nyingi, wakaona zipo zifaazo. Tutaje chache zijulikanazo na kila mtu wa pwani.

Mafuta ya nazi hulainisha ngozi kavu na kuzuia maji ya mwili yasipotee upesi. Mtoto mwenye ukurutu ambaye ngozi yake yapasuka hupata nafuu akipakwa mara baada ya kuoga. Lakini mafuta hayaui kidudu cha upele, wala hayaondoi choa.

Asali ni dawa ya vidonda tangu kale, na uchunguzi wa siku hizi umeishuhudia. Utamu wake mwingi huvuta maji, hata vijidudu vya kidonda vikakosa maji na kufa. Kidonda cha moto kisichoingia ndani sana hupona upesi zaidi kikifungwa kwa asali kuliko kwa vitambaa vya desturi. Lakini asali itumiwayo na waganga wa hospitali imesafishwa kwa kazi hiyo. Ile ya chupa ya njiani pengine imechanganywa na sukari na maji.

Papai nalo lina kazi. Huko Banjul, katika nchi ya Gambia, waganga wa hospitali walieleza mwaka 1999 jinsi walivyoponda nyama ya papai na kuiweka kila siku juu ya vidonda vya watoto walioungua. Ndani ya papai mna kitu kilacho nyama iliyokufa na kuiacha iliyo hai, hata kidonda kikawa safi.

Mwarobaini na manjano vilipimwa India. Mwaka 1992 waganga wawili waliandika habari za watu 814 wenye upele waliopakwa mchanganyiko wa majani ya mwarobaini na manjano mabichi. Katika kila watu 100, watu 97 walipona kwa muda wa siku 3 hata 15. Habari hii ni njema, lakini msomaji mwangalifu atauliza, "Je, lilikuwako kundi la pili lililopewa dawa nyingine, ili walinganishe?" Halikuwako. Basi twaweza kusema kwamba dawa hiyo yaonyesha dalili ya kufaa, wala hatuwezi kusema kwamba yapita nyingine. Tena tuonyane: majani juu ya ngozi ni neno moja, na mafuta ya mbegu za mwarobaini kinywani ni neno lingine. Wako watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo wakapata degedege, na wengine wakafa.

Karafuu, mali ya Pemba, ina mafuta makali yaitwayo eujenoli. Hata makonyo yake hukamuliwa mafuta kiwandani Wawi, karibu na Chake Chake. Katika chupa za wapimaji mafuta hayo huua kuvu wa namna nyingi. Lakini ngozi ya mtu si chupa. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa huchoma, nayo ngozi ya mtoto ni nyembamba. Kitu kiuacho kuvu chaweza kuumiza ngozi vilevile.

Katika habari hizi zote twaona neno moja. Kila dawa ina kazi yake, nayo nje ya kazi hiyo si dawa. Asali ni ya kidonda, si ya choa. Nazi ni ya ukavu, si ya upele. Kwa hiyo atoaye jani kabla ya kuujua ugonjwa ni kama apigaye ufunguo mlangoni gizani: pengine utafungua, pengine utavunjika ndani ya kufuli.

III. Dawa za hospitali nazo zilitoka wapi?

Wako wadhanio kwamba miti ni ya waganga wa kienyeji, na vidonge ni vya hospitali, na kati yao pana ukuta. Sivyo. Tutazame dawa tatu.

Ya kwanza ni marhamu ya Whitfield, iitwayo kwa jina la mganga Mwingereza wa ngozi. Ni dawa ya choa cha mwilini, nayo ni ya bei ndogo. Ndani yake mna asidi mbili. Moja ilipata jina lake katika mti wa Ulaya umeao kando ya mito, ambao Walatini waliuita Salix. Ya pili ilipata jina lake katika utomvu wa miti ya Sumatra, ambao Waarabu waliuita luban jawi, yaani ubani wa Java, na wafanyi biashara wa Ulaya wakalipotoa jina hilo kinywani mwao. Basi apakaye marhamu hiyo apaka ukumbusho wa miti miwili.

Ya pili ni vidonge vya griseofulvini. Choa cha kichwani hakiponi kwa kupaka, kwa sababu kuvu huingia ndani ya mzizi wa unywele, mahali marhamu isipofika. Mama asuguaye kichwa cha mtoto kwa ndimu mwezi hata mwezi ajichosha bure. Mtoto ataka dawa ya kumeza, nayo kwa wiki nyingi. Dawa hiyo iligunduliwa mwaka 1939, nayo ilitoka katika ukungu, ndugu wa ukungu uotao juu ya mkate uliooza.

Ya tatu ni ivamektini, nayo ina habari ya Pemba yenyewe. Bwana Satoshi Ōmura wa Japani alichukua udongo wa nchi yake, akapata ndani yake vijidudu vitoavyo kitu kiuacho wadudu. Yeye na mwenziwe William Campbell walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa iliyotokana na udongo huo ililetwa Unguja na Pemba mwaka 2001, watu wakapewa pamoja na albendazoli kwa miaka kadhaa, mara moja kila mwaka. Haikuletwa kwa ajili ya upele. Ililetwa kuzuia matende na mabusha, ambayo huenezwa na mbu. Lakini waganga wa vituoni wakaona jambo wasilolitazamia: watu waliokuja kwa ajili ya upele walipungua, tena kwa zaidi ya nusu. Kidudu cha upele nacho kilikuwa kimekufa.

Kwa nini jambo hilo lilifaulu, hali watu wengi wamepaka dawa za upele miaka na miaka na upele ukarudi? Sababu ni hii: dawa ilimezwa na watu wote kwa wakati mmoja. Upele ni kidudu kitokacho mkononi mwa huyu kikaingia mkononi mwa yule. Ukimpaka mtoto mmoja na kuwaacha ndugu zake wanne walalao naye kitanda kimoja, baada ya mwezi mtoto atawashwa tena, nawe utasema kwamba dawa ni mbovu, au kwamba nyumba imerogwa. Kumbe dawa ilikuwa nzuri, na nyumba haina neno. Watu wote wa nyumba na watibiwe siku moja, na nguo na shuka zifuliwe na kuanikwa juani siku ile ile.

IV. Habari ya mti ulioheshimiwa, kisha ukaachwa

Sasa tueleze habari ya ukoma, kwa sababu yatufundisha jinsi dawa ya mti ipimwavyo kwa haki.

Tangu kale watu wa India na Burma walitumia mafuta ya mbegu za mti uitwao chaulmoogra kuwapaka na kuwanywesha wenye ukoma. Waganga wa Ulaya hawakuidharau. Katika karne ya 19 waliitwaa, na katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 ndiyo iliyokuwa dawa kubwa ya ukoma katika makao ya wagonjwa ulimwenguni, hata katika makao ya misioni za Afrika. Ilipigwa kwa sindano, na sindano zake ziliumiza mno. Wengine walionekana kupata nafuu, wengi hawakupata.

Katika miaka hiyo chanzo cha ukoma kilikuwa kimekwisha kujulikana, kwa maana mwaka 1873 mganga Hansen wa Bergen, katika nchi ya Norwe, alikiona kijidudu chake. Hapo ndipo watu walipojua kwamba ukoma si laana ya ukoo, wala si matunda ya kula samaki fulani. Mwaka 1941, katika makao ya Carville huko Marekani, waganga walianza kujaribu dawa mpya ya namna ya salfoni, na vidonda vikaanza kufunga. Baadaye ikafuata dapsoni. Vijidudu vikaizoea dapsoni ikitumiwa peke yake. Basi mwaka 1981 Shirika la Afya Ulimwenguni likashauri dawa tatu zitumiwe pamoja. Leo mwenye mabaka machache hutibiwa miezi 6, na mwenye mengi miezi 12, naye hupona. Dawa hizo hutolewa bila malipo.

Angalieni jinsi ilivyokuwa. Mti wa chaulmoogra haukudharauliwa kwa sababu ni mti. Uliheshimiwa, ukapimwa, ukatumiwa, na ilipopatikana dawa ipitayo, ukaachwa. Hiyo ndiyo haki ya kila dawa, iwe ya jani au ya kidonge. Na wazee wetu nao walifanya vivyo hivyo. Zamani buba ilipokuwa ikiwala watu wa pwani, walipoona kwamba sindano yakausha vidonda, walikuja wenyewe kwa makundi, wala hawakuhitaji kuhubiriwa. Watu wetu si wakaidi. Wafuata kile wakionacho kuponya. Lakini jicho laweza kudanganyika, maana maradhi mengine ya ngozi hupona yenyewe, na dawa iliyopakwa siku ile hupewa sifa isiyo yake.

V. Mambo ya kuogopwa

Ndugu, yako mambo ambayo hatuwezi kuyapitia kimya.

Kwanza, dawa zichomazo. Utomvu wa mnyaa huchoma ngozi, nao ukiingia jichoni waweza kulipofusha. Mafuta ya ganda la korosho hula nyama, nayo huacha kovu kubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Mrututu juu ya kidonda kibichi huumiza nyama mpya iotayo. Maumivu ya dawa si ushahidi wa nguvu yake.

Pili, uchafu. Kinyesi cha ng'ombe, majivu au udongo juu ya kidonda waweza kuleta pepopunda. Wembe mmoja utumiwao kuchanja watu wengi, au kuumikia watu wengi, huchukua damu ya huyu na kuitia katika mwili wa yule, na pamoja nayo maradhi ya ini na UKIMWI.

Tatu, marhamu isiyo na jina. Mwaka 1999 waganga wa London walipima marhamu 11 zilizouzwa kuwa ni mitishamba ya Kichina tu. Katika hizo 11, marhamu 8 zilikuwa na deksamethasoni, dawa kali ya hospitali, bila mnunuzi kuambiwa. Dawa ya namna hiyo hutuliza wekundu na mwasho kwa siku chache, hata mtu akasema, "Nimepona." Lakini ikipakwa juu ya choa, choa huenea chini yake kimyakimya, ikipakwa muda mrefu, ngozi huwa nyembamba na kupasuka, na kwa mtoto yaweza kuzuia ukuaji. Ndiyo maana baka la mtoto wa Jadida lilionekana kufifia, kisha likarudi.

Nne, mkorogo wa kung'arisha ngozi. Huu si dawa, maana weusi si ugonjwa. Mingi ina zebaki, ambayo huingia mwilini na kuharibu figo, nayo humdhuru hata mtoto aliye tumboni.

VI. Maji na sabuni

Baada ya kuogopesha, yafaa tutie moyo. Iko dawa moja ya ngozi iliyo rahisi kuliko zote, nayo haina ugomvi kati ya mganga wa kienyeji na wa hospitali. Ni maji na sabuni.

Mwenye matende amezoea kuambiwa kwamba mguu wake hauna tiba. Ni kweli kwamba mguu uliokwisha kuvimba sana haurudi kama ulivyokuwa. Lakini ile homa imwangushayo kitandani mara kwa mara, na ile harufu imtengayo na watu, hutokana na vijidudu vingine viingiavyo katika nyufa za ngozi, hasa kati ya vidole. Aoshaye mguu kila siku kwa maji safi na sabuni, akaukausha taratibu hata kati ya vidole, akapaka dawa penye nyufa, akauinua mguu akikaa na akilala, akavaa viatu vya nafasi, homa hizo hupungua sana, naye arudi kazini. Hapo mafuta ya nazi ya kulainisha ngozi yana mahali pake, nayo husaidia.

VII. Mganga wa kienyeji tumhesabuje?

Watu wengine hudhani kwamba mtu wa kanisa hana neno la kusema na mganga wa miti ila kumkemea. Lakini sheria za nchi zimekwisha kumtambua. Bara ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002, na Zanzibar ina yake tangu mwaka 2008. Waganga huandikishwa, na wasiotaka kuandikishwa wana sababu yao. Muhimbili pana mahali pa kuchunguza dawa za miti tangu mwaka 1974. Na huko Moshi, katika hospitali ya KCMC ambayo wasomaji wetu wengi waijua, kipo tangu mwaka 1992 chuo cha kuwafundisha waganga wa ngozi, nao hutoka nchi nyingi za Afrika.

Kupima jani si kazi ya kishenzi, wala kumkubali mtu ajuaye miti si kukubali ramli. Tupambanue. Yuko mganga asemaye, "Jani hili hulainisha, huchumwa asubuhi, hupakwa siku tatu, na lisipofaa nenda hospitali." Huyo ni mtu wa elimu, naye mara nyingi ndiye wa kwanza kuliona baka la mtoto, kabla ya mganga wa hospitali. Akifundishwa alama za ukoma, ataokoa mikono mingi. Na yuko asemaye, "Jirani yako amekutupia kitu, lete kuku na fedha, wala usimeze dawa ya mtu mwingine." Huyo huuza hofu, naye huvunja ujirani. Tena yuko mwenye koti jeupe auzaye dukani dawa asiyoijua. Yeye naye ni wa kundi hilo hilo.

VIII. Maswali manne kabla ya kupaka

Kila mtu ajiulize maswali haya manne, kwa dawa yo yote, itokako ko kote.

1. Ugonjwa huu ni upi, na nani ameutazama?
2. Ndani ya dawa hii mna nini? Asiyeweza kukuambia asikupake.
3. Nitangoja siku ngapi? Taja hesabu kabla ya kuanza: wiki mbili zatosha kwa mambo madogo. Zikipita bila nafuu, acha, nenda ukaonyeshwe.
4. Je, dawa hii yaniambia niache dawa nyingine niliyopewa? Ikisema hivyo, ikimbie.

Tena yako mambo yasiyongoja hata wiki moja: baka lisilosikia, wekundu unaoenea pamoja na homa, kidonda cha mguu cha mwenye kisukari, malengelenge ya mtoto mchanga, mkanda wa jeshi uliofika karibu na jicho, na kidonda kisichopona juu ya ngozi ya ndugu yetu mwenye ualbino, ambaye jua ni adui yake na saratani yamvizia.

IX. Mwisho wa habari ya mama

Turudi Jadida. Siku moja mtoto yule aketi karibu na jiko, na kiwiko chake chagusa sufuria ya moto. Mama asikia harufu ya ngozi, ageuka, aona mtoto yuatazama tu. Hakulia. Mama hakumwita jirani tena. Alimchukua kwenda hospitali ya Wete.

Huko mganga alimwambia mtoto afumbe macho, akatwaa ncha ya pamba, akamgusa shavuni. "Wasikia, mwanangu?" "Nasikia." Akamgusa kidole. "Nasikia." Akamgusa juu ya baka. Mtoto akanyamaza. Akamgusa tena. "Bado, bwana," akasema mtoto, "bado hujanigusa."

Mama akainamisha kichwa. Mganga akamwambia, "Mama, usilie. Ukoma huu waponyeka, na mkono wake ungali na nguvu. Mabaka ni machache. Atameza dawa miezi 6. Baada ya siku za kwanza za dawa hataambukiza mtu. Arudi shuleni, ale na wenziwe. Lakini niletee na wale walalao nyumba moja naye, niwatazame." Kisha akauliza, "Kidonda cha moto umekipaka nini?" Mama akajibu kwa hofu, "Asali, bwana." Mganga akacheka, akasema, "Hapo hukukosea."

Mfano huu ni wetu, lakini jaribio la pamba ni la kweli, nalo halihitaji fedha. Kila mzazi na kila mwalimu aweza kulifanya leo jioni nyumbani mwake. Kama miezi ile sita ingekuwa miaka sita, vidole vya mtoto vingekunjika, na hakuna jani wala kidonge kiwezacho kuvirudishia vidole uhai wake.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini dawa njema yaweza kushindwa kuponya upele katika nyumba yenye watu wengi?
2. Eleza habari ya mafuta ya chaulmoogra. Yatufundisha nini juu ya kupima dawa?
3. Ni dawa zipi za nyumbani zitumiwazo kwenu kwa ngozi? Kwa kila moja jibuni maswali manne ya sehemu ya VIII.
4. Katika mtaa wenu yuko mtu akaaye mbali na wenzake kwa sababu ya ngozi yake? Ni nani atakayekwenda kumwona wiki hii, tena akiwa na kipande cha pamba?